Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Barabara ya lami itokayo Mbinga na kuteremka milima hadi Mbamba Bay, yapata kilomita 66, imekwisha kujengwa. Mwaka 2021 meli ya MV Mbeya II ilianza kuchukua abiria na mizigo katika Ziwa Nyasa, na bandari mpya ya Mbamba Bay nayo imeanza kujengwa. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, si pembe iliyosahauliwa tena. Na njia ikifunguka, wageni hufuata. Na nyuma ya wageni huja wenye mitaji.

Kwa hiyo haitatushangaza siku moja mwenye mtaji akisimama mbele ya mkutano wa kijiji, mahali fulani kati ya Lituhi na Chiwindi, akaomba ardhi ya kujenga hoteli yenye uwanja wa gofu. Jambo hilo si ndoto. Usa River, karibu na Arusha, upo uwanja wa mashimo 18 kati ya milima ya Meru na Kilimanjaro. Zanzibar upo wa mashimo 9 kando ya bahari. Shirika la Hifadhi za Taifa nalo lilianza kujenga uwanja wake Fort Ikoma, wilayani Serengeti, kwa ajili ya watalii. Yafaa basi wananchi wa Ruvuma wawe na jibu kabla ya kuulizwa swali. Nasi twapenda kuwasaidia kulipima jambo hili, bila kulishangilia na bila kulichukia.

Kwanza tuwasikilize wageni wenyewe. Mtu atokaye Ulaya aliyezoea kucheza gofu katika baridi na ukungu, akija kucheza katika nchi za joto hukuta mchezo ule ule umevaa nguo nyingine. Huamka alfajiri, kwani kufika saa sita jua halimpi nafasi ya kufikiri. Akicheza nyanda za juu, kama Nairobi au Arusha, mpira wake huenda mbali kuliko alivyozoea, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Akicheza pwani, upepo wa bahari humgeuzia hesabu zake zote. Na Mombasa, ambako klabu ya gofu iko ukingoni mwa bahari, mpira uliopotoka kidogo huwa mali ya samaki. Majani nayo humshangaza. Majani ya nchi za joto ni magumu na yana mwelekeo wake. Mpira uliosukumwa polepole kwenda shimoni hukataa njia iliyonyooka na kufuata mlalo wa jani.

Kisha kuna wanyama. Huko Jinja, nchini Uganda, uwanja uko karibu na mahali mto Nili unapotoka katika Ziwa Viktoria, na umepata sifa duniani kwa kanuni yake moja: mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji huruhusiwa kuuokota na kuuweka pengine bila adhabu. Wageni hurudi kwao wakiisimulia kanuni hiyo kuliko ushindi wao.

Lakini wakiulizwa ni nini kilichowafurahisha zaidi, wengi humtaja mtu. Humtaja yule aliyewabebea mfuko wa fimbo, ambaye wachezaji humwita kedi. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba shimo hili mpira utaelekea upande wa mto ingawa macho yanaona vingine. Yeye ndiye aliyeuona mpira ulipoangukia majanini. Yeye ndiye aliyewaambia mvua itanyesha baada ya saa moja, nayo ikanyesha. Mgeni husema amefurahia uwanja. Kwa kweli amefurahia maarifa ya mfanyakazi.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Raha ya mgeni katika uwanja wa gofu hufanywa na vitu vitatu vya mwenyeji: ardhi yake, maji yake na kazi yake. Mwenye mtaji huleta mchoro, mashine na jina. Ikiwa vitu hivi vitatu vitatolewa kwa bei ya kutupa, mgeni atacheza, mwenye mtaji atapata, na mwenyeji atabaki nje ya ua akitazama. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apone kwa kutazama.

Tuanze na ardhi. Uwanja wa mashimo 18 huhitaji kwa kawaida hekta 50 hadi 60, na mara nyingine zaidi, kabla ya kuhesabu hoteli na nyumba. Kwa mkulima wa mihogo na mpunga wa mwambao wa Nyasa, ambako milima ya Livingstone hushuka karibu kabisa na maji na sehemu tambarare ni chache, hiyo ni ardhi ya kulisha kaya nyingi. Sasa ni muhimu kila mwanachama alifahamu jambo hili: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa, uamuzi wa kukubali au kukataa ni wa mkutano mkuu wa kijiji. Si wa mwenyekiti peke yake, wala si wa wajumbe watatu waliopelekwa mjini kula chakula cha mchana. Ni wa mkutano. Uwanja wa gofu waingia ndani ya kipimo hicho. Kwa hiyo mwananchi wa Liuli au Lituhi asidhani kwamba jambo limekwisha amuliwa juu. Sheria imemwekea kalamu mkononi. Lakini akumbuke pia kwamba ardhi ikishahamishwa na kuwa ardhi ya jumla, imetoka mikononi mwa kijiji. Anayepiga kura ya ndiyo anapiga kwa niaba ya wajukuu wake.

Tena ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyoweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira. Watu wengine huiona sheria hiyo kuwa kikwazo. Sisi twaiona kuwa ngao. Katika mita hizo ndipo wavuvi wanapopandisha mitumbwi, ndipo akina mama wanapoanika usipa na kuteka maji. Ua wa hoteli ukifika majini, kijiji kimekatwa mguu.

Pili ni maji. Uwanja wa gofu ni shamba la majani, na shamba hilo halivunwi. Tangu Mei hadi Novemba mvua hukatika Ruvuma, na majani yale hayatakuwa ya kijani bila kunyweshwa. Mtu atasema: ziwa si lipo? Ndiyo, lipo, nalo ni kubwa, la tatu katika Afrika, na kina chake hufika mita 700. Lakini kunywesha ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni mbolea na dawa za kuua magugu, ambazo mvua ya kwanza ya masika huzisomba na kuzirudisha ziwani. Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu wa kutoa maji, nao ni Shire, ulio mbali kusini. Maji mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua. Kinachoingia ndani yake hukaa. Na ndani yake wamo samaki wa aina nyingi kuliko ziwa jingine lolote duniani, wengi wao wakiishi kando kando ya miamba, pale pale ambapo uchafu wa nchi kavu hufikia kwanza. Mgeni aliyekuja kuwatazama samaki hao wenye rangi atakuja kutazama nini wakitoweka?

Jambo hili si la kubahatisha, kwani ujuzi wa kuzuia maji yasikimbie na udongo upo hapo hapo. Wamatengo wa Mbinga wamelima milima yao mikali kwa ngoro: hufyeka majani, huyapanga kama miraba, huyafunika kwa udongo, na kuacha mashimo yanayokamata mvua ili isiteremke na rutuba. Wataalamu wa nchi za mbali wamekuja kujifunza jambo hilo. Watu walioyajua majani na mteremko kwa vizazi vingi hawastahili kuambiwa kwamba kazi yao katika uwanja wa majani ni kukata na kufagia tu. Waitwe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.

Tatu ni kazi. Zamani za ukoloni, klabu za gofu katika Afrika Mashariki zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia uwanjani akiwa na mfuko wa mtu mwingine begani. Uhuru uliondoa ubao wa mlangoni, na leo Watanzania wake kwa waume wanacheza na kushinda. Katika Afrika Mashariki wengi wa wachezaji wa kulipwa walianza wakiwa makedi. Hiyo ni sifa. Lakini mahali pengi duniani kedi bado hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Hutembea saa nne au tano juani na mzigo, hulipwa na mchezaji kwa mzunguko mmoja, na siku ya mvua hulala njaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataja mkataba, yataja saa 45 za kazi kwa juma, yataja likizo na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Haki hizo zisiishie getini. Ikiwa kedi ndiye furaha ya mgeni, basi ni mfanyakazi wa uwanja, na aandikwe hivyo.

Twaongeza neno moja kwa wale wanaodhani kwamba bila gofu mgeni hatakuja. Majani hununuliwa. Dubai, katika jangwa, walifungua uwanja wa majani mwaka 1988, nao unajulikana dunia nzima. Majani yenyewe yanayoitwa ya Kikuyu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na leo yamefunika uwanja wa Riviera huko Los Angeles, Marekani. Mwenye fedha aweza kupata uwanja popote. Asichoweza kununua ni ziwa lenye samaki wale, wala ngoro za Mbinga, wala kahawa inayoonjwa pale pale ilipochumwa, wala ghuba ya Liuli, ambako mnamo Agosti 1914 meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani na kuvileta vita vya Ulaya katika maji yetu. Mgeni atakayesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam atakuja kwa hayo. Gofu yaweza kuwa kitoweo. Haiwezi kuwa ugali.

Basi rai yetu ni hii. Akija mwenye mtaji, apokewe kwa heshima kama ilivyo desturi. Apewe kiti, asikilizwe. Kisha mkutano wa kijiji umwulize maswali manne, na majibu yaandikwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa: ardhi ni kiasi gani na kwa miaka mingapi, njia ya wavuvi kufika majini italindwaje, maji na dawa vitapimwa na nani, na wafanyakazi, pamoja na makedi, wataandikwa kwa mkataba gani. Aliye na nia njema hataona uzito kuyajibu. Na asiyetaka kuyajibu, kijiji kitakuwa kimemjua mapema.

Viongozi wa matawi wana wajibu hapa. Wengi wa wananchi hawajapata kusomewa sheria tulizozitaja, na sheria isiyojulikana ni jembe lililofungiwa stoo. Zisomwe katika mikutano, zielezwe kwa lugha nyepesi, kijiji kwa kijiji, tangu sasa ambapo hakuna anayeharakisha. Siku ya kuamua ikifika, haitakuwa siku ya kujifunza.