"Si Kinatoka India Tu?"



Sote tunaouza nguo tumeyasikia maneno haya: "Mbona ghali, si kinatoka India tu?" Hilo "tu" ndilo linalotukera. Sisi tuliokalia cherehani tunajua nakshi inakula saa ngapi, popote ilipotiwa.

Vitambaa vingi vya kung'aa tunavyouza vinatoka Surat, jimbo la Gujarat. Mwaka 2001 mji huo na viunga vyake ulikuwa na watu kama milioni 2.8, sensa ya 2011 ikakuta kama milioni 4.6. Wengi wamefuata viwanda vya nguo na vya kukata almasi. Lakini kazi ya kumalizia sari, kubandika mawe na kukata nyuzi zinazoning'inia, nyingi inafanywa na wanawake majumbani kwa malipo ya kipande. Dalali analeta mzigo, dalali anachukua. Chumba cha gundi ndicho cha kupikia na ndicho cha kulala watoto. Kodi na umeme ni juu ya mama huyo, kwa hiyo tajiri amepata kiwanda bila kulipa pango. Likizo ya uzazi hana, na macho yakianza kufifia ni shauri yake.

Bengaluru, kusini, wanawake wa nguo wameajiriwa viwandani, na kila saa kuna idadi ya kufikisha. Afadhali, mtu atasema. Lakini mji umekua mbio kuliko mabomba yake: mapema 2024 visima vilikauka na maji ya maboza yakapanda bei. Aliyeamkia foleni ya maji atafikishaje idadi ya msimamizi? Tangu Juni 2023 serikali ya jimbo, Karnataka, inawapandisha wanawake mabasi yake bure. Hilo tunalipongeza, maana nauli hula mshahara kabla haujafika jikoni.

Na msidhani wanawake hao wamenyamaza. Aprili 2016 maelfu yao walifunga barabara kupinga kanuni iliyotaka sehemu ya akiba yao ya kazini izuiwe mpaka wafike miaka 58. Serikali ikaiondoa. (Jamani, nani anafika 58 bado yuko kwenye cherehani ya kiwanda?)

Muislamu ana shida yake nyingine juu ya hizo. Mumbai, mji wenye pesa kuliko yote huko, wapo wenye nyumba wanaosikia jina tu na chumba kinakuwa kimeshapangishwa.

Hatusemi tususie vitambaa vya India. Tukisusia, wa kwanza kukosa ni yule mama wa kipande. Tunachopinga ni huu mchezo wetu wa kumpigia wakala simu mara tatu apunguze, tena na tena, na sote tunajua hatapunguza faida yake. Dini yetu haikutuachia nafasi ya kuchezea ujira wa mtu, hata awe ng'ambo ya bahari.

Dukani kwetu tumeanza kuandika kwenye risiti bei ya kitambaa peke yake na kazi ya mkono peke yake. Wengine wananuna. Wengine wanauliza, "Kumbe mawe haya yanabandikwa moja moja?"