Gari la Bure Lililochangiwa na Vikoba

Makamanda, juzi mmoja wenu ameniuliza: "Dada, kuna rafiki zetu Ulaya wanataka kutupa gari la zahanati bure, tulipokee tu, si ndiyo?" Nikacheka. Na mimi niliwahi kudhani hivyo hivyo.

Kikundi chetu kijijini kilipewa Hiace iliyotumika, ya kubebea wajawazito. Meli imeshafika ndipo tunaanza kuhangaikia msamaha wa kodi. Ofisi moja ikatutuma ofisi nyingine, ile nyingine ikataka barua ya ile ya kwanza. Gharama za yadi zinapanda kila siku. Mwisho akina mama wakavunja vikoba kulipia gari la bure.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 haiangalii kama ulinunua au ulipewa. Zawadi haina bei ya mauzo, kwa hiyo forodha wanakadiria thamani kwa njia nyingine. Wakisema gari la abiria lina thamani ya milioni 20 hadi kufika bandarini, ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 5. VAT asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo milioni 25, unapata milioni 4.5. Hapo sijagusa ushuru wa bidhaa wala tozo za uchakavu.

Msamaha upo, kifungu cha 114 na Jedwali la Tano, lakini unamfuata mtu aliyetajwa mle na matumizi yaliyotajwa. Ukiligeuza daladala ya mjomba, ushuru unadaiwa. Ukali huo siupingi. Mwaka 2009 Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, alitaka kufuta misamaha ya mashirika ya dini, kelele zikawa nyingi, akarudi nyuma. Misamaha ikitumiwa vibaya, anayeumia ni yule mwenye shida ya kweli.

Kinachonichoma ni muda. Mzigo unatakiwa uingizwe kwenye hati za forodha ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Ukipelekwa ghala la forodha ukakaa siku 30, linatolewa tangazo, na siku 30 nyingine zikiisha unaweza kupigwa mnada. Siku zetu zimehesabiwa moja moja. Za aliyekalia faili letu, hakuna aliyewahi kutuonyesha.

Madiwani na wabunge wetu wabebe hoja hii: ombi la msamaha lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21 zile zile, na gharama za yadi zisimame wakati ombi liko mezani.

Kwa sasa, kamanda uliyeniuliza, meli isiondoke kabla barua ya msamaha haijawa mkononi mwako. Hati ya zawadi iandikwe jina la mpokeaji kama lilivyosajiliwa. Na ukikutana na mheshimiwa aliyebandika sura yake kwenye gari la wagonjwa, muulize kwa adabu tu: wewe ulijibiwa baada ya siku ngapi?