Tik-Tik ya Injini: Madai Yanayowagharimu Wenye Magari wa Masasi na Newala

Minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba na malipo yakaanza kuingia benki, biashara ya magari nayo huchangamka kwetu. Mkulima aliyepeleka mzigo ghalani, awe upande wa chama cha ushirika cha MAMCU kule Masasi au cha TANECU kule Newala, anaanza kuulizia Noah, Probox, IST au Canter ya kubebea magunia msimu ujao. Magari hayo karibu yote yameshatumika Japani na mengi yameshapita mikono mingine hapa nchini. Siku ya kulijaribu gari, boneti inafunguliwa, injini inawashwa, na humo ndani inasikika tik-tik-tik. Hapo kila aliyesimama pembeni ana la kusema.

Maneno hayo nimeyasikia kwenye gereji za Masasi na chini ya miembe ya Newala, na yanaumiza watu kwa pande mbili. Wapo walioshusha injini nzima isiyo na ugonjwa wowote. Wapo pia walioambiwa "hiyo kawaida" na injini ikawanokia katikati ya mlima wa kupanda Newala, abiria wamejaa na jua limezama. Nitayachukua madai yenyewe, moja moja, niyajibu.

Dai linalotisha zaidi ni hili: injini yoyote inayolia tik-tik iko njiani kunoki. Si kweli. Injini ya petroli ya siku hizi ina vitu kadhaa vinavyolia hivyo vikiwa vizima kabisa. Injekta hufunguka na kufunga kwa umeme, na kila mfungo una mlio wake mkavu. Kuna vali ndogo inayoruhusu mvuke wa petroli utoke kwenye kopo la mkaa uingie kwenye injini. Nayo hulia tik-tik kwa vipindi, kisha ikanyamaza. Noah zilizokuja na injini ya 1AZ-FSE humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silenda kwa msukumo mkubwa. Pampu na injekta zake zina kelele kuliko za Noah ya zamani yenye 3S-FE. Mtu aliyetoka kwenye 3S akanunua 1AZ atadhani ameuziwa kimeo, kumbe ndivyo injini ilivyoundwa.

Njia ya kujua ni rahisi na haina gharama. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye mwili wa injekta na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, ukiangalia usiguse mkanda wala feni. Sikiliza injekta ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zikilia sawasawa, na mlio ule unaousikia ukiwa umesimama ndio huo, funga boneti uendelee na safari. Ukihamishia ncha kwenye kava ya tapeti na mlio ukawa mkubwa huko, jambo ni jingine. Ukiusikia kwa nguvu zaidi chini, ubavuni mwa bloku au kwenye sampu, zima injini hapo hapo.

Hapa fundi mzuri anatofautiana na mbabaishaji. Katika injini hizi kemshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenki. Gari likiwa kwenye silensa, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, tapeti moja iliyolegea itagonga mara 400 kwa dakika. Konrodi iliyokula beringi huenda na krenki yenyewe, kwa hiyo mapigo yake ni maradufu, tena mazito, yanasikika kama yanatoka tumboni. Ukipiga resi taratibu hadi kama 2,500 kisha ukaachia ghafla, konrodi mbovu mara nyingi hujifichua pale unapoachia. Fundi akitaka uhakika, injini ikiwa kwenye silensa atachomoa waya wa injekta moja baada ya nyingine. Kelele ikipungua sana silenda fulani inapoacha kuchoma, ametaja mgonjwa kwa jina bila kufungua hata nati moja. Ukimwona fundi anakuambia ushushe injini na hajafanya hata kimoja kati ya hivi, lipeleke gari kwa mwingine.

Dai la pili linatoka kwa mafundi wenyewe: "Tapeti za Toyota zinajirekebisha kwa oili. Zikilia ni uchafu, mimina dawa ya kusafishia." Zipo injini zenye tapeti za namna hiyo, sikatai. Lakini injini zilizojaa mitaani kwetu si hizo. 1NZ-FE ya Probox na IST, pamoja na ndugu yake mdogo 2NZ-FE, zina vikombe vya chuma kitupu. Nafasi yake hupimwa kwa fila geji injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi. Ikizidi, unabadilisha kikombe kwa chenye unene unaofaa. 3S-FE nayo hurekebishwa kwa visahani vidogo vinavyokaa juu ya kikombe. Hakuna dawa ya chupa inayoongeza unene wa chuma. Tena ijulikane kwamba tapeti yenye mlio kidogo huiacha vali yake ifunge vizuri. Iliyobanwa kupita kiasi ndiyo iko kimya, na ndiyo inayounguza vali ya ekzosi kwa sababu haifungi sawasawa. Kwa hiyo aliyekwenda gereji kulalamikia tik-tik hafifu, akarudi na injini iliyonyamaza kabisa, asifurahi kabla hajauliza vipimo viliachwa wapi.

Sasa nije kwenye dai ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu linatumika kudhulumu watu: "Weka oili nzito, kelele itaisha." Ni kweli kelele hupungua. Oili ya 20W-50 huwa nzito kuliko 5W-30 hata injini ikiwa ya moto, na utando mzito hulainisha mgongano wa chuma na chuma. Ila ugonjwa unabaki pale pale. Beringi iliyokwisha haioti upya. Wachuuzi wa magari wanalijua hili vizuri sana. Gari linamiminiwa oili nzito usiku wa kuamkia mauzo, mnunuzi anasikia injini imetulia, analipa hela ya korosho ya mwaka mzima, na baada ya wiki chache mlio unarudi ukiwa mkubwa zaidi.

Kwa injini nzima oili hiyo nayo si rafiki. Newala iko juu, takribani mita 700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi na ukungu. Oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemshafti wakati huo, na sekunde za kwanza baada ya kuwasha ni miongoni mwa zile injini inapolika zaidi. Soma kitabu cha gari au maandishi kwenye kifuniko cha oili. Kilichoandikwa na waliotengeneza injini kina uzito kuliko mazoea ya mtaani. Injini kongwe inayokula oili inaweza kupandishwa daraja moja, huo ni ushauri ninaouheshimu. Kuirusha kutoka 5W-30 hadi 20W-50 ili inyamaze tu, hapana. Na unaponunua, chomoa kijiti cha oili injini ikiwa baridi, dondosha tone kwenye kitambaa cheupe. Oili mpya kabisa, safi kama asali, ndani ya gari chakavu linalouzwa, ni sababu ya kuuliza maswali.

Kijiti hicho ndicho jibu la dai la nne: "Taa ya oili haijawaka, kwa hiyo oili ipo." Katika magari haya taa nyekundu haipimi kiasi cha oili. Inaangalia msukumo, na huwaka msukumo unapokuwa umeshuka mno, wakati uharibifu umeshaanza. 1NZ-FE hubeba chini kidogo ya lita 4. Gari likipungukiwa lita moja na nusu, taa inaweza kukaa kimya njia nzima ya tambarare kutoka Masasi. Likianza kupanda, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa, tapeti zinaanza kulia. Dereva anasema "mlima huu unalitesa gari." Kinachotesa ni ukavu. Tik-tik mpya, ambayo jana haikuwepo, ina hatua moja tu ya kwanza: simama, zima, subiri dakika kama tano, pima oili. Mamia ya maelfu ya shilingi yangebaki mifukoni mwa watu kwa tendo hilo.

Kuna wanaosema inayolia asubuhi na kunyamaza ikipata moto haina neno. Hapa ninakubali nusu. Sekunde moja au mbili za kelele baada ya kuwasha, mpaka oili ipande, si ugonjwa. Zikiwa nyingi zaidi, tazama kwanza filta ya oili. Filta nzuri ya aina nyingi ina kizuizi cha mpira kinachozuia oili isirudi chini usiku. Ya bandia ina mpira mgumu usiofanya kazi, au haina kabisa. Lakini ipo tik-tik ya dakika tano au kumi ambayo hutoka kwenye ekzosi. Barabara ya Masasi hadi Newala imekuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na mitikisiko yake hulegeza boliti na kupasua manifoldi. Ufa unavuja injini ikiwa baridi, chuma kikipanuka unajiziba. Utauona kwa alama ya masizi meusi pembeni ya gasketi. Injini haitakufa kwa hilo, ila moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na ikiingia ndani ya Noah iliyofungwa vioo na watoto wamelala kiti cha nyuma, inaua. Hilo si la kusubiri msimu ujao.

Dereva wa Canter au Land Cruiser atakuambia dizeli lazima igonge. Kweli, dizeli huchoma kwa kishindo, na 1HZ ya silenda sita ina ngurumo yake inayojulikana kijiji kizima. Swali la dizeli ni je, mlio umebadilika? Silenda moja ikianza kugonga peke yake, mara nyingi nozeli ndiyo inayotiririsha badala ya kupuliza. Kwenye dizeli za pampu ya kizamani fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja na kusikiliza. Asijaribu hivyo kwenye dizeli mpya za reli moja ya pamoja. Msukumo wake unazidi mara elfu moja ule wa hewa tunayovuta, na dizeli ikichomoka hupenya ngozi ya mkono.

La mwisho linahusu mlima wenyewe: "Ikigonga wakati wa kupanda ni mzigo tu." Mlio mkali kama wa misumari ikitikiswa ndani ya kopo, unaotokea ukikanyaga mafuta mlimani na kutoweka ukiachia, unaonyesha petroli inawaka kabla ya wakati wake au kwa kulipuka. Injini nyingi za Toyota tunazozitaja zina kihisi kinachorudisha nyuma taimingi mlio huo ukianza, kwa hiyo ukiendelea kuusikia, kuna kitu kimeshindikana: injini imepata joto kali, rejeta imeziba, plagi si sahihi, au petroli imechanganywa. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Petroli ya chupa ya kando ya njia haina wa kuithibitisha. Rudi gia moja, punguza kukanyaga, angalia geji ya joto, na siku inayofuata jaza kituoni.

Kwa mkulima anayekwenda kununua gari baada ya mnada nina ombi. Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Weka kiganja juu ya kava ya tapeti: ikiwa ya moto, ameipasha makusudi, rudi kesho. Iwashe mwenyewe ikiwa baridi, isikilize mpaka ipate moto, kisha mpandishe fundi wako mlimani akiwa na bisibisi yake. Muuzaji akikataa hayo, usinunue.