Msimamizi wa Saa Asipige Hesabu

Mbio za magari zikikaribia Pwani, hapa Airport sikosi kuambiwa: "Wewe si mtu wa kompyuta? Tengeneza programu ya simu, wale wenye makaratasi kule mwisho wa mkondo wakae nyumbani!" Jibu langu ni hapana, na nalitoa nikiwa mtu wa kompyuta.

Tuitazame kazi yenyewe. Gari huondoka kwa dakika kamili, tuseme 10:07:00. Mwishoni hupita kibao chekundu chenye bendera ya miraba likiwa bado mbio, na hapo ndipo saa husomwa: 10:19:43.6. Mita mia kadhaa mbele kuna kibao cha kusimama. Mwelekezi anatoa kadi ya muda dirishani, saa ile inaandikwa, wanaondoka. Kwenye mashindano makubwa mwali wa mwanga ndio unaonasa gari, lakini mtu mwenye saa ya mkononi bado yupo kama akiba.

Kwa maoni yangu wajibu wake ni mitatu.

1. Aandike saa anayoiona, asipige hesabu. 12:43.6 ni jibu la kutoa. Akiandika jibu peke yake, kisha ikagunduliwa gari liliondoka 10:08, hakuna pa kurudi. Data ghafi haitupwi.

2. Asirekebishe saa katikati ya kazi. Saa ya mwisho ikiwa mbele kwa sekunde moja, magari yote yanaongezewa sekunde ileile na nafasi zao katika mkondo huo hazibadiliki. Lakini ukiirekebisha baada ya gari la kumi, waliotangulia umewaonea. Aandike kasoro, aripoti, aendelee.

3. Ahesabu magari. Namba 14 imefika, 16 imefika, 15 iko wapi? Hapo atoe habari kwa redio mara moja. Huenda kuna watu wamepinduka huko porini. Muda wa gari ambalo halijafika nao ni habari.

Mtasema sekunde moja ni nini? Katika Safari ya 1973, adhabu zikihesabiwa kwa dakika, Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza sawa kabisa, na Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kuvunja sare. Huko Jordan mwaka 2011, Sébastien Ogier alimshinda Jari-Matti Latvala kwa sekunde 0.2 baada ya siku nzima za mashindano. Kalamu moja ikiteleza, 1 ikasomeka 7, bingwa ni mwingine.

Sasa ile programu ya simu. Nyingi za aina hii zina kitufe cha "hariri": unafuta muda wa zamani, unaweka mpya, na hakuna atakayejua. Hilo ni kosa la sisi watengenezaji, tunapenda skrini safi kuliko ushahidi. Tukitengeneza, basi iwe ya kuongeza mistari tu: marekebisho yawe mstari mpya wenye jina la aliyerekebisha na saa yake, na wa zamani ubaki. Ifanye kazi bila mtandao, maana porini hakuna wa kukuhakikishia mtandao. Na kadi ibaki mikononi mwa mwelekezi, kwa sababu ndiyo nakala pekee ambayo dereva anaweza kuikagua mwenyewe kabla hajaondoka.

Hesabu tuiachie mashine. Ushahidi tumwachie mtu aliyekuwepo, na tusimpe kifutio.