Ujue Mti Kabla ya Kuinua Shoka

Juma lililopita tulikwenda Kenya. Msidhani ya kuwa tulisafiri mbali: twataja Kenya ya mji wetu wa Lubumbashi, wala si ile nchi ya Nairobi. Huko tulimkuta mama mmoja akifungua gunia la makaa, yaani makala kama tusemavyo hapa kwetu. Juu palikuwa na vipande vikubwa vya kupendeza macho; chini, vumbi tupu na vijiti visivyoiva.

"Mwalimu," akatuambia, "gunia moja lilitutosha mwezi mzima. Sasa halifiki majuma mawili. Fedha ya gunia la pili nitaitoa wapi, kama si katika fedha ya shule ya watoto?"

Tukaokota kipande kimoja, tukakigonga kwa kingine. Makala mema hulia kama chuma, nayo yakivunjika hung'aa ndani. Haya yalitoa sauti ya kufifia kama udongo. Lakini kosa la gunia lile halikuanza sokoni. Lilianza porini, pale mtu alipoinua shoka asijue ni mti gani ulio mbele yake, wala namna ya kuutendea.

Pori letu huitwa miombo, nalo ni neno la Kibemba: muombo mmoja, miombo mingi. Mgeni huona miti yote ni sawasawa. Mwenyeji hutazama jani, ganda na gome. Mutondo una majani mapana, yamepangwa mawili mawili. Maganda yake ni ya rangi ya kahawia, laini kama mahameli, nayo hukaa juu ya kilele. Muputu waufanana, lakini jozi yake ya mwisho ya majani ni kubwa kuliko nyingine. Musamba una vijani vidogo vingi kama manyoya ya ndege, na gome lake hutoa kamba imara. Miti hii mitatu ndiyo ya makala hasa, kwa maana ni migumu, na moto wake hudumu.

Iko mingine isiyofaa kuguswa. Mulombwa, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mninga, ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao zake ni za meza, milango na vitanda; aufanyaye makala amechoma kitanda cha mjukuu wake. Musuku wajulikana kwa majani yake manene kama ngozi, na mupundu kwa majani yaliyo meupe upande wa chini. Yote miwili hulisha watoto kwa matunda yake. Wala mutondo wenyewe usimalizwe, kwani viwavi wa kuliwa, ambao akina mama huwauza sokoni, hula majani yake.

Basi, mti umekwisha kuanguka. Hapo haraka haina baraka. Gogo bichi limejaa maji, na moto utakula kuni nyingi kwa kuyakausha tu. Afadhali magogo yakae majuma kadhaa, kisha yapangwe kwa kushikamana, yale madogo yakijaza nafasi. Yafunikwe kwa majani, halafu kwa udongo, na moto uwashwe penye mdomo wa tanuru. Mwanzoni moshi huwa mweupe na mzito: ni maji yatokayo. Ukiwa mwembamba, wa rangi ya samawati, makala ya mahali pale yameiva, na tundu lizibwe upesi. Ufa mmoja usioonwa usiku waweza kugeuza kazi yote kuwa majivu.

Tanuru la udongo kwa kawaida hutoa kilo 10 hadi 20 za makala katika kilo 100 za kuni kavu. Fikirini hesabu hii. Apataye 10 hana budi kukata miti mara mbili ya yule apataye 20, naye mama wa Kenya ndiye alipaye usingizi wa mchomaji.

Tena, kisiki si maiti. Miombo huchipuka yenyewe kutoka visiki na mizizi, na pori likiachwa laweza kurudi baada ya miaka 20 au 30. Adui wake mkubwa ni moto. Karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia, mabwana miti walianza jaribio mwaka 1933. Viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa, vilipoteza miti yao vikabaki nyasi. Vilivyokingwa na moto vikawa msitu mnene. Basi mkataji asiyelinda machipukizi amekata mara mbili: mti wa leo na mti wa mwanawe.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, Musa awakataza Waisraeli wauzingirao mji wasikate miti ya matunda. Ile isiyo ya chakula ndiyo waliyoruhusiwa. Hata askari vitani alipaswa kuujua mti kwanza. Je, sisi tulio katika amani ya nyumba zetu, tutapewa udhuru gani?

Mama yule hakulitupa vumbi lake. Tulilichanganya na udongo kidogo na maji, watoto wakafinyanga matonge, wakayaanika juani. Yalipokauka yakaivisha maharagwe, sufuria ikiwa imefunikwa vizuri. Na siku ya kununua tena, aliahidi kumwuliza mwuzaji maswali mawili kabla ya kutoa fedha: ni mti gani huu, na je, kisiki chake umekiacha kichipuke? Wanunuzi wote wakiuliza hivyo, jibu litafika porini.