Mtoto Analia, Baba Anacheza



Kiangazi hiki tulimpeleka mwanetu wa miaka miwili kwenye tamasha ufukweni mwa Tanganyika, hapa Bujumbura. Mbele ya spika nikamkuta mwenzetu wa msikitini, mtoto begani, mtoto kajiziba masikio analia. "Atazoea," akaniambia huku akicheka.

Atazoea nini? Wataalamu wa usalama kazini huko Marekani humwekea mtu mzima kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikizidi 3, muda unapungua nusu. Zikifika 100 ni robo saa tu. Vinyweleo vya kusikia vilivyomo ndani ya sikio vikifa havioti tena.

Najua mtasema ustadhi anaharamisha. La hasha! Mtume (s.a.w.) alimsitiri Bi Aisha (r.a.) akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini siku ya Idd. Na ndiye huyo huyo aliyeifupisha swala aliposikia mtoto analia. Swala, ndugu zangu! Sisi wimbo mmoja unatushinda kuuacha?

Na spika za Maulidi yetu je? Kule nako watoto huketishwa mbele kabisa. Wasogezeni nyuma.