Lumbesa imeingia hadi kwenye magazeti

MKULIMA wa Laela anaijua lumbesa: gunia hujazwa kupita kipimo, bei ikabaki ya gunia moja. Waandishi wa habari wa mikoani nao wamebebeshwa yao. Wengi hawana ajira ya kudumu, hulipwa kwa kila habari inayotoka. Zamani wa Sumbawanga alituma kwa faksi, au bahasha kwa basi la Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Simu ya kisasa imeondoa adha hiyo ila imeleta nyongeza: picha, video, na habari ya mtandaoni kabla gazeti halijachapwa. Simu ni yake, vocha pia.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haikumsahau. Aliyemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu iliyopita, huhesabiwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Na ushahidi, ajabu, umo kwenye simu hiyo hiyo: maagizo ya mhariri, yenye tarehe na saa. Asiyafute.

Hasara inamfika msomaji pia. Nauli ya kwenda Laela kuulizia bei ya mahindi ikizidi malipo ya habari, mwandishi atabaki mjini kusubiri taarifa za ofisini, na bei mtaambiwa na dalali.